Bi Maswali, Aliyemshusha Mke Wangu Kitini

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya meno, muuguzi tunayemwita Bi Maswali anastaafu. Kazi nilimfundisha mimi. Haya, nimedanganya: mimi mfagizi, na siku ya kwanza nilimwonyesha choo kilipo, basi.

Kila anayetaka kupandikiziwa jino alipitia kwake kabla taya haijatobolewa: sukari, presha, sigara, fizi, picha ya mfupa. Swali moja aliliuliza kwa sura tatu. Wagonjwa walinuna, madaktari walitazama saa. Yeye wala!

Mwaka jana ikafika zamu ya mke wangu. Bi Maswali alikuwa likizo, nami kwa maringo ya mtu wa ndani nikajaza fomu mwenyewe. Penye dawa nikaandika "hatumii".

Siku ya upasuaji mke wangu yuko kitini, daktari kashika bomba la ganzi. Bi Maswali, aliyerudi kazini asubuhi hiyo, akaingia na fomu.

"Mama, unameza vidonge gani?"

"Sina."

"Na sindano je?"

"Labda ile ya mifupa, mara moja kwa mwaka. Kwani nayo ni dawa?"

Daktari akasema picha ni nzuri, mfupa unatosha.

"Unatosha, daktari, lakini ukitobolewa huenda usipone. Mshushe kwanza."

Mimi mlangoni na fagio langu, nasikia yote. Sindano zile nilimpeleka mwenyewe, miaka saba! Kwangu mimi dawa ni kidonge. Kumbe kwa dawa ile kidonda cha taya kinaweza kugoma kupona, mfupa ukafia mdomoni. Daktari akalitazama bomba, akamtazama muuguzi, akalitazama tena bomba. Mwisho akaliweka chini.

Wataalamu walipopitia faili la mke wangu walisema hafai kupandikiziwa jino. Akapewa meno ya kuvaa na kuvua, na sasa ananishinda kutafuna.

Bi Maswali, kliniki nzima inakushukuru, na mimi nimewazidi wote. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua likuchoke. Ila siku ile uliniahidi kupita nyumbani umwambie mke wangu kwamba sikukutuma umshushe. Hujapita. Mpaka leo anaapa tulipanga mimi na wewe, eti niliona wivu asije akapendeza. Njoo Jumamosi, dada yangu, uniokoe.