Kimya cha Kisimani

Ndani ya basi dogo litokalo Kasenga, mwalimu mstaafu Ildephonse alimsimulia binti aliyeketi kando yake hadithi aipendayo kuliko zote za mwandishi mmoja wa mafumbo. «Mtu anainama kisimani, anamwita Mungu, hajibiwi. Mwisho. Kimya hicho ndicho nilichofundisha maisha yangu yote.»

«Papa, haiishie pale. Iko ukurasa ingine. Anaitikiwa na ndugu yake, mwenye yeye mwenyewe alimusukumaka mule ndani ya kisima.»

Hapo mzee akaukumbuka wembe wa padri wa misheni alikosomea utotoni, uliokata kurasa zisizofaa kabla vitabu havijawafikia wanafunzi.

Binti akatoa kitabu mkobani. «Soma, papa.»

«Sina miwani,» akajibu, nayo imemkaa puani.

Basi liliposimama kituo cha Mulongwe mzee akashuka, ingawa kwake ni mbele zaidi.