Jumatano Aanzie Kushoto

Fungueni dirisha kwanza. Hapana, lote, Thurman, mtu anayekufa haogopi mafua. Nataka kumsikia farasi akitembea huko nje wakati nasema. Haya, sikilizeni wanangu, nyote wawili, na wewe Lavinia usisimame mlangoni kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Miaka mitatu hujakanyaga nyumba hii, basi kaa, kaa na hasira zako. Niinulieni mto. Sina utulivu leo, miguu inataka kushuka kitandani na mimi siwezi kuifuata.

Ya mali nitayamaliza upesi maana hayaninyimi usingizi. Thurman, nyumba hii ni yako, na malisho mpaka kwenye kijito, na ng'ombe wote, ila yule dume mkorofi mwondoe kabla hajamuumiza mtu. Vikaango vya chuma vya bibi yenu, vile vya mkate wa mahindi, mgawane bila kununiana. Lakini farasi si wako. Najua ulishikana mkono na yule mnunuzi wa Texas nilipokuwa nimelazwa, na kwamba anakuja Jumamosi na trela lake. Mpigie leo, umwambie mama yako bado yu hai. Farasi huyo, Jumatano, ni wa Lavinia.

Usitikise kichwa, binti. Sijamaliza.

Mnajua jinsi tunavyoshindana mbio za farasi katika familia hii. Mapipa matatu, unaingia getini kwa mbio, unazunguka la kulia, unakata kwenda la kushoto, kisha lile la mbele kabisa, halafu nyumbani. Mama yangu alianza na la kulia, enzi zile sisi watu weusi wa Oklahoma tulipokuwa na viwanja vyetu kwa sababu vya wazungu tulifungiwa, nami nikaanza na la kulia miaka arobaini, mpaka pale nyuma ya banda kwato zikachimba njia, mvua ikinyesha inajaa maji kama mfereji. Akaja huyu Jumatano, aliyezaliwa siku hiyo na hakuna aliyepata nafasi ya kumtafutia jina jingine. Lavinia, ulikuwa umempanda wiki mbili tu, ukanijia jikoni nikikata bamia, ukaniambia, "Mama, huyu ni wa kushoto. Kulia anageuka akienda taratibu, lakini akifika na mbio zote anajikaza. Pipa la kwanza liwe la kushoto." Nikakucheka. Nikakuambia, "Tangu lini farasi akanichagulia njia?" Nilisema hivyo mbele ya Thurman ili naye acheke, akacheka.

Siku ya mashindano mlikwenda kulia kwa amri yangu. Nilikuwa kwenye uzio, nikaona sikio lake limeelekea kushoto na mwili unalazimishwa kulia, nikajua, nasema nilijua kabla hajateleza. Akakuangukia mguu. Na watu walipokuwa wanakimbia kuja, vumbi halijatulia, mimi mama yako nikasema kwa sauti, "Amemvuta vibaya huyo." Ulikuwa chini ya farasi na ukanisikia. Hilo ndilo lililokuondoa hapa, si mguu.

Nipeni maji. Kidogo tu. Mbona simsikii huko nje? Thurman, chungulia. Haya, anakunywa, mwache anywe.

Mwambie dada yako ulichokuwa unakiona kila asubuhi. Hutaki? Nitasema mwenyewe. Ulipoondoka nilichukua reki nikaufukia ule mfereji, siku tisa, na nyonga hii iliyooza. Nikaondoa mapipa, nikaacha moja, la kushoto. Kupanda siwezi tena, basi nikamwongoza kwa kamba, kwa miguu yangu. Kila tukipita getini anakwenda kulia, mahali pasipo na pipa, anasimama pale anatetemeka akingoja kupigwa. Nililia, sitaficha. Wiki nzima nikimlaumu kwamba ana kichwa kigumu, mpaka siku moja nikaona alichokuwa anakitazama. Alikuwa anatazama bega langu. Nilikuwa natamka kushoto na bega linageuka kulia lenyewe, miaka arobaini limezoea hivyo, naye anatii bega. Thurman akawa anapita na ndoo, ananitania, "Mama, nani anamfundisha mwenzake hapo?" Farasi alielewa kipupwe cha kwanza. Mimi nilihitaji na cha pili.

Mwezi wa tatu mwaka huu Thurman akampanda, na uzito wake wote na ubishi wake wote, akampeleka mbio, kushoto, kisha kulia, kisha kulia tena, na hakujikaza hata mara moja. Thurman alishuka akampigapiga shingoni. Ndipo akaanza kutafuta wanunuzi, maana sasa ni farasi wa maana. Yule wa Texas atamrudisha kulia kwa mjeledi, na mimi sitakufa nikiliacha jambo hilo mlangoni.

Sasa la mwisho. Nashika pumzi, msinikatize. Desturi naijua: mpanda farasi akifa, farasi wake hupitishwa uwanjani mtupu, buti zimegeuzwa kinyumenyume kwenye tandiko, watu wanavua kofia. Mimi sitaki. Thurman, wewe uliyecheka, utashika kipaza sauti pale uwanjani useme hivi: "Lavinia hakumvuta vibaya. Mama ndiye aliyekosea, na alijua." Basi, usiongeze lako. Kisha wewe, Lavinia, kama mguu wako wenye vyuma unakubali, na moyo unakubali, umpande. Sikuamrishi. Nimeshaamrisha vya kutosha. Usipotaka, mwache azeeke malishoni, ni wako vilevile.

Umekaa. Nimeona umekaa. Lete mkono... una baridi, kama wa baba yako. Mungu awape magoti mazima, nyote wawili, na meza moja ya kulia kunde za bahati mwaka mpya... asiwaache mkapitana njiani kama wageni. Thurman, acha kulia, nenda... nenda kamfungulie geti, asikae amefungwa.

Lavinia. Ukifika pale... legeza bega. Usimwelekeze. Wewe ulijua... ulijua kabla yangu.