Bolti Thelathini na Mbili za Mama Maige

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi jioni, Bi. Paskazia Ngassa, yaani Mama Maige, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika gereji yetu ya Kalangalala. Meneja ameandaa hotuba ndefu. Mama Maige ameomba hotuba iwe fupi na wali uwe mwingi.

Alianza mwaka 1999 kama mfagizi. Siku moja fundi matairi hakutokea kazini, yeye akaweka ufagio chini akashika spana, na ufagio ule mpaka leo haujulikani ulipo. Tangu hapo kila gari linalopeleka wachorongaji, wale watoboa miamba, maporini limepita mikononi mwake.

Magurudumu ya magari hayo si haya ya kwako. Kwenye tope tunapunguza upepo ili tusizame, kwa hiyo mdomo wa tairi hubanwa na pete ya chuma yenye bolti thelathini na mbili, lisije likachomoka kwenye rimu. Mama Maige hukaza bolti moja, akahamia inayoitazama upande wa pili, kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko, huku akihesabu kwa Kisukuma. Akimaliza, kila bolti huichora mstari wa rangi nyekundu ya kucha, ili ikilegea ionekane. Kucha zake mwenyewe hazijawahi kuionja rangi hiyo.

Ole wako umsalimie katikati ya hesabu! Meneja alipokuwa mgeni alimpa "mwangaluka" akiwa kwenye bolti ya kumi na tisa, akaambulia kimya. Akaona amedharauliwa. Jibu lilimfuata ofisini baada ya dakika ishirini, pamoja na kuulizwa habari za mke, watoto na ng'ombe.

Kamati ya sherehe imenipa kazi hii ya kumwandikia mimi Mwigulu, dereva, kwa kuwa eti najua kuchekesha. Haya, sasa kuna lisilochekesha. Mwaka 2016 gurudumu la gari langu lilifumuka karibu na Masumbwe. Bolti zilikatika, wachorongaji wakakwama porini siku mbili wakimlaani fundi. Mama Maige akaandikiwa barua ya onyo, na usimamizi wa gereji, uliokuwa karibu kuwa wake, akapewa mtu mwingine.

Jamani, gurudumu lile nililikaza mimi. Yeye alikuwa ameenda kula, mimi nina haraka zangu, nikazifunga bolti kwa kufuatana, moja hadi ya mwisho, kwa nguvu zote, pete ikakaa upande. Meneja alipouliza, nikatulia kama maji mtungini. Naona aibu kuliandika hili, na likisomwa ukumbini nitaona aibu zaidi.

Wiki iliyopita nilimfuata nikamweleza. Nilisubiri kwanza amalize kuhesabu, maana bado naipenda roho yangu.

"Baba Lusia," akasema, "nilijua siku ile ile. Bolti hazikuwa na rangi."

Nikamuuliza mbona hakunitaja.

"Mkeo alikuwa na mtoto mchanga. Halafu ungefukuzwa, nani angeniletea dagaa wa Chato?"

Nilicheka, kisha nikalia, mtu mzima mimi, nimeegemea tairi. Akaniambia nisogee, ana kazi.

Juzi nilikwenda kwa meneja. Barua ile imetolewa kwenye faili la Mama Maige, lakini cheo alichonyimwa miaka tisa hakirudi, na sitajidanganya kwamba kinarudi. Imeandikwa barua nyingine ya onyo, yenye jina langu. Ninayo mfukoni sasa hivi.

Asante, Mama Maige, kwa safari zote tulizorudi wazima. Nenda ukale, ulale mchana, ucheze na wajukuu, na Mungu akupe siku nyingi zenye afya. Jumatatu asubuhi magurudumu yangu nitayakaza mwenyewe, bolti moja baada ya inayoitazama, na ninaogopa.