Taa Zinasema Hamia

Kijiwe chetu kiko Kilosa mjini, ng'ambo ya barabara ukitoka stesheni ya reli, ubavuni mwa ghala la zamani la katani ambalo siku hizi linahifadhi popo. Mabenchi ni mawili, moja zima na moja la kukalia kwa tahadhari. Kahawa anatupikia Natalia, mjane mwenye birika kubwa na maneno makubwa kuliko birika. Wateja wa kudumu ni Tomasi, ambaye tunamwita Reli kwa sababu alisukuma kiberenge relini miaka ishirini na hajaacha kusimulia. Danieli, tunamwita Redio, ingawa redio yenyewe hana. Na mimi, fundi baiskeli, wananiita Cheti. Nilihitimu kisomo cha watu wazima, nikakitundika cheti changu kibandani juu ya matairi, na mpaka leo sioni kosa liko wapi. Mwaka huo wa sabini na nne neno lilikuwa moja tu: kuhama. Watu wa vitongojini walikuwa wanahamia vijiji vipya kwa amri ya serikali, na nani zamu yake lini, apelekwe wapi, hapo kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna aliyekuwa na hakika. Basi Alhamisi moja, giza linaingia, ukutani kwa duka la viatu la Melkizedek, ambalo lilikuwa limefungwa wiki nzima bila maelezo, zikawaka taa zinazotembea.

Sisemi taa zinazowaka. Zinatembea! Miguu miwili ya globu, kuanzia gotini kwenda chini. Huu ukizima, ule unawaka, na macho yako yanakuapia kwamba kuna mtu anapiga hatua pale ukutani, ila mtu mwenyewe hana kiwiliwili. Chini ya miguu kuna mshale. Globu ya mkiani inawaka, mwanga unarukia ya pili, ya tatu, unakimbia mpaka kwenye ncha, halafu unaanza upya. Juu kabisa kuna maandishi mekundu. Upande wa kushoto wa ubao wenye taa hizo palikuwa giza tupu. Upande wa kulia, herufi tano.

NATALIA: Cheti, hebu tusomee. Si ndiyo kazi uliyosomea?

Nikasimama. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikasoma kama tulivyofundishwa, silabi kwa silabi.

MIMI: Ha. Mi. A. Hamia.

REDIO: Hamia?

MIMI: Hamia. Haina ubishi.

RELI: Mungu wangu. Imefika.

Aliyetulia kuliko wote alikuwa Mzee Mwinshehe. Huyu si wa kijiweni hasa. Ni mkulima wa upande wa Chanzuru, nyumba yake iko peke yake ng'ambo ya korongo, mbali na wenzake, naye akileta nyanya mjini hupita kwangu kujaza upepo na kunywa kikombe. Siku hizo habari yake ilikuwa mjukuu. Binti yake Joha alirudi nyumbani kujifungua, mtoto ana siku kumi na moja, na babu mtu alikwisha kutueleza pua ya mtoto, masikio ya mtoto na jinsi mtoto anavyopiga chafya.

MWINSHEHE: Hamia wapi?

MIMI: Haikuandikwa, mzee. Lakini mshale unaelekea mtoni.

MWINSHEHE: Mtoni Mkondoa? Kule si maji hujaa?

REDIO: Ndiyo mipango hiyo. Mimi niliambiwa tangu Jumatatu. Gari la matangazo halina petroli, si mnajua petroli ilivyo siku hizi? Sasa wameamua kutangaza kwa taa. Taa hainywi petroli.

NATALIA: Na nani kakwambia?

REDIO: Nimesikia.

NATALIA: Umesikia wapi, na redio huna?

REDIO: Mama, mimi nasikiliza watu wenye redio. Ndiyo nafuu, sinunui betri.

Siku nyingine tungecheka. Siku hiyo Redio mwenyewe hakucheka. Miguu ilikuwa inatembea, inatembea, haifiki.

RELI: Nyinyi hamjui ishara. Mimi nimefanya kazi na ishara. Kule stesheni ya Munisagara taa ikiwa nyekundu, gari moshi lenye watu mia tano linasimama kama mbuzi. Haliulizi. Sasa hebu hesabuni hatua. Moja, mbili, tatu... Mnaona? Inapiga saba, inapumzika.

MIMI: Kwa hiyo?

RELI: Kwa hiyo siku saba.

MWINSHEHE: Saba kuanzia leo?

RELI: Kuanzia ilipowashwa. Leo ni ya kwanza.

REDIO: Subiri, subiri. Hesabuni globu za mshale.

Tukahesabu. Mimi nilipata kumi, Natalia akapata kumi, Reli akapata kumi na moja kwa sababu hesabu yake ilipitwa na mwanga ukamrudia.

REDIO: Kumi! Nyumba kumi! Kila globu ni nyumba, na mwanga ndio mjumbe wa nyumba kumi, anapita mlango kwa mlango. Hodi hapa, hodi pale, kisha wote twende.

MWINSHEHE: Lakini moja haiwaki. Ile ya nne. Mwanga unairuka.

Tukatazama. Kweli, ya nne ilikuwa imekufa. Mwanga ukifika ya tatu unaruka pengo, unaibukia ya tano. Redio akalamba midomo. Ningemziba mdomo pale pale, lakini nami nilitaka kusikia.

REDIO: Hiyo... hiyo ni nyumba ya mbishi. Aliyekaa kando. Wanaijua.

MWINSHEHE: Mimi si mbishi. Mimi sijaambiwa.

REDIO: Sijasema wewe, mzee.

MWINSHEHE: Nani mwingine anakaa kando?

Natalia akammiminia kahawa bila kuombwa.

NATALIA: Sasa mnakaa hapa mnatishana nini? Ofisi ya serikali iko pale, kesho asubuhi inafunguliwa. Si mtu aende akaulize?

RELI: Aende nani?

NATALIA: Wewe. Cheti. Yeyote mwenye suruali.

REDIO: Lo! Ukienda kuuliza, wanachukua jina lako. Wakishachukua jina, wewe ndiye wa kwanza kwenye lori.

MIMI: Hata mimi naona tungoje kidogo.

NATALIA: Na kwa nini huyo mtu wenu hana kichwa?

RELI: Kwa sababu anayehama haulizwi anafikiri nini. Anatakiwa miguu tu.

Natalia akaacha hata kupepea moto. Na tangu hapo kila mtu akaanza kutoa alichokisikia: kwamba kuna mahali malori yalifika alfajiri, watu wakapakiwa na kuku wao, wakashushwa porini mvua inanyesha, kwamba nyumba zilizoachwa ziliezuliwa ili mtu asirudi. Mimi nilitoa changu pia. Nilisema bati likiezuliwa na watu wa kuagizwa halirudi zima, kwamba wao hawana muda wa kung'oa msumari, wananyofoa tu. Sijui niliyatoa wapi. Nilitaka nami niwe na la kusema.

MWINSHEHE: Bati zangu kumi na mbili.

RELI: Basi pole.

MWINSHEHE: Na mtoto siku kumi na moja. Kitovu kimedondoka juzi. Kumpandisha lori, mvua, na mama yake hata kukaa vizuri bado? Hapana. Hapana bwana. Nikiezua mwenyewe, naezua taratibu. Nahama mwenyewe, natafuta pa juu kidogo, kabla hapajagombewa. Cheti, una hakika ni hamia?

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Upande wa kushoto wa ule ubao, kwenye giza, niliona kitu. Miguu ilipokuwa inawaka, vioo vya globu nyingine vilikuwa vinameta kule, vimezima, vimejipanga kama herufi. Niliviona kwa macho yangu. Nilitakiwa niseme, mzee, ngoja, huenda kuna maneno hatujayaona. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na tangu nipate kile cheti ilikuwa mara ya kwanza kusoma kitu chenye maana kwa mtu.

MIMI: Nina hakika, mzee. Kama jina langu.

Mzee Mwinshehe akaweka kikombe chini, akapanda baiskeli, akaenda. Hata taa ya baiskeli hakuwasha.

Ijumaa, baada ya alasiri, tulikuwa benchi lile lile. Watu wa mtaa walikuwa wanapita mbali na ukuta wa Melkizedek. Wingu lilikuwa limekaa juu ya milima na upepo ulikuwa wa baridi. Mzee Mwinshehe akatokea kwa miguu, nywele zimejaa vumbi la udongo mkavu, mikono ina michubuko, lakini uso umetulia.

RELI: Mzee, habari za toka jana?

MWINSHEHE: Njema. Tumeezua.

NATALIA: Mmeezua nini?

MWINSHEHE: Nyumba. Tangu alfajiri, mimi na wajomba zake Joha. Msumari mmoja mmoja, bati zote kumi na mbili nzima, hata moja haikupinda. Nguzo tulipozing'oa kuta zikaanguka, lakini kuta ni udongo, udongo upo kila mahali. Mkokoteni uko nyuma unakuja. Nimetangulia mnionyeshe vizuri ule mshale unaishia wapi, nisije nikajenga pasipotakiwa.

Natalia akanitazama. Mimi nikatazama matairi yangu. Kabla sijapata la kusema, akaja kijana mrefu kabeba ngazi begani na boksi mkononi, akaiegemeza ngazi kwenye ukuta wa Melkizedek.

REDIO (kwa sauti ya chini): Huyo katoka juu. Kaja kubadilisha amri.

RELI: Kaeni vizuri. Vueni kofia.

Tukavua. Yule kijana akageuka, akatukuta tumekaa mstari mmoja kama tunapigwa picha.

LUPAKISYO: Shikamooni wazee.

SOTE: Marahaba.

LUPAKISYO: Naitwa Lupakisyo, fundi umeme. Samahani kwa ubao huu, jana niliuacha una kasoro. Nilikuwa nawahi gari moshi, nina kazi ya mashine Kidete, nikawasha nikakimbia. Kumbe waya wa upande mmoja ulichomoka. Nimerudi sasa hivi.

Akapanda. Akabadilisha globu ya nne ya mshale. Akaingiza mkono nyuma ya ubao upande wa kushoto, akahangaika kidogo, kisha akashuka akaenda kuwasha. Miguu ikaanza kutembea. Mshale ukakimbia bila pengo. Na pale palipokuwa na giza zikawaka herufi nne.

Hakuna aliyeniambia nisome. Nilisoma mwenyewe, kimoyomoyo, kisha nikatamani nisingejua kusoma.

MWINSHEHE: Imeongezeka. Cheti, inasemaje sasa?

MIMI: Mzee...

MWINSHEHE: Soma.

MIMI: Tu. Me. Ha. Mi. A. Tumehamia.

MWINSHEHE: Tumehamia. Nani?

LUPAKISYO: Duka, mzee wangu! Melkizedek kahamisha duka la viatu, yuko mtaa wa nyuma ya soko, anafungua Jumatatu. Ubao kauleta kutoka Dar es Salaam. Alitaka miguu itembee ili watu waifuate mpaka kwenye viatu. Imependeza, eti?

MWINSHEHE: Viatu.

LUPAKISYO: Ndiyo.

MWINSHEHE: Viatu ndivyo vimehama.

Lupakisyo akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

LUPAKISYO: Kwani vipi wazee? Nimekosea herufi?

REDIO: Mimi nilisema nimesikia tu. Sikusema nina hakika.

RELI: Hata mimi hesabu zangu zilikuwa za gari moshi.

NATALIA: Nyamazeni! Nyamazeni nyote, mnatia kichefuchefu!

Nilitaka kusema mzee nisamehe, niliziona zile globu, niliziona na nikanyamaza. Lakini yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama barabara ya Chanzuru, maana mkokoteni ulikuwa unakuja. Ulivutwa na punda mmoja. Chini bati zimefungwa kamba, juu yake mlango, kitanda kilichokunjwa miguu, masufuria, debe la mahindi, na juu ya vyote Joha amekaa juu ya godoro, amejifunika kanga mbili, mtoto kifuani. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza, makubwa, moja hapa, moja kule, yanasikika kwenye bati.

Mkokoteni ukasimama mbele ya benchi. Joha akashuka kwa shida, mkono mmoja umeshika ubavu wa mkokoteni.

JOHA: Shikamooni.

SOTE: Marahaba, mama.

JOHA: Baba, mwenye punda anauliza tunashusha wapi.

Redio akainama kutafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. Reli akanitazama mimi, na Natalia akanitazama mimi, na mwishoni mzee mwenyewe akanigeukia, taratibu, wala hakuwa na hasira. Joha akaona wote wanamtazama mtu mmoja, akadhani mimi ndiye mhusika wa mahali hapo. Akamfunika mtoto kichwa, akanisogelea, akangoja nimwonyeshe.