Mwalimu Ikawaje na Wasikilizaji Wasiodanganyika

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza shuleni kwetu, Mwalimu Ikawaje anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Jina hilo mama huyu alipewa na wanafunzi, maana ukimpelekea hadithi lazima akuulize ikawaje, na ukishamjibu anakuuliza tena. Mimi ninayefundisha hesabu chumba cha pili nimelisikia swali hilo kupitia ukutani mpaka nikawa naliota.

Alipoanza, darasa la sita zima liliandika hadithi ile ile moja. Jua liliwaka, ndege waliimba, na mwisho shujaa aligundua kwamba alikuwa anaota. Watoto walikuwa wamekaririshwa, na maksi walipata. Mwalimu akapiga marufuku. Akaweka na utaratibu wake: hadithi haisahihishwi mpaka mwandishi aisome mbele ya darasa la kwanza. Wale wadogo Kiingereza chao ni cha kuokoteza, na adabu ya kujifanya wanasikiliza hawana. Ukiwaletea maneno makubwa, huyu anachokonoa pua, yule anavua kiatu, wa tatu anaomba kwenda chooni. Basi unarudi kuandika upya. Lo, machozi yalimwagika!

Mwaka ule maksi ziliporomoka na wazazi wakaja juu. Mwenyekiti wa kamati ya shule, fundi seremala mwenye sauti ya kutikisa madirisha, alifika na wenzake kumtangazia kwamba ananyang'anywa darasa la sita. Sisi wengine tuliinamisha vichwa kama watu wenye kazi nyingi. Mwalimu hakumbembeleza mtu. Alisema wazi kwamba hatoki, na kama wameamua kumtoa, kwanza waje wakae kwenye yale madawati madogo wasikilize.

Wakaja wakakaa, na zamu ya kusoma siku hiyo ilikuwa ya binti wa mwenyekiti mwenyewe, mtoto mpole ambaye wengi wetu hatukuwahi kuisikia sauti yake. Alisoma, kwa Kiingereza chepesi, jinsi baba yake alivyotengeneza kabati zuri mno, kisha likagoma kupita mlangoni. Baba akapima kabati. Akapima mlango. Akapima kabati tena, labda limepungua. Darasa la kwanza lilikuwa limesimama juu ya viti! Mwenyekiti alikunja mikono, akakaza uso, mwishowe mabega yakaanza kumtikisika. Halafu binti akasoma kwamba jioni ile baba alikaa sakafuni kando ya kabati lake, naye akaenda kukaa naye. Hapo mwenyekiti aliacha kucheka, akatoa leso.

Kamati ikaondoka bila kutangaza kitu. Maksi zilichukua miaka miwili kupanda, na hiyo miwili Mwalimu aliibeba peke yake, bila kurudi nyuma hata hatua moja. Tangu hapo watoto wetu wanaandika mambo yao wenyewe, kwa Kiingereza kinachoeleweka, na wazazi wanagombania nafasi.

Mwezi uliopita tuliletewa vitabu vipya vya insha za kukariri. Kuna waliokuwa wakingoja mama huyu aondoke ndipo wavitumie. Wamechelewa.

Mama yetu, asante kwa ukaidi wako, umetufaa sana. Tunakutakia maisha mema, afya njema, na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Na kuhusu vile vitabu, lala usingizi: viko stoo, na funguo ninazo mimi.