Fundi Cherehani Aliyelizuia Katapila Chemchemini

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wenzake wa kikundi mliokuja na viatu vyenu vya mpira: asanteni kwa kumsindikiza dada yangu. Wasifu huu nimepewa mimi mdogo wake kwa agizo lake mwenyewe. Alisema, "Wewe huna haya, utasema yote." Basi nitasema.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1954, katika nyumba ya matofali iliyo nyuma ya soko, mtoto wa kwanza kati ya watano wa mwashi na muuza mboga. Alirithi jina la bibi yetu, lakini mtaa mzima ulimwita Mbishi, naye akaitika. Mama alikuwa akisema alizaliwa ametanguliza miguu kwa ubishi tu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1962 hadi 1968. Akiwa darasa la sita alirudishwa nyumbani kwa kukataa kuwapelekea walimu maji ya kuoga wakati wa kiangazi. "Haya ni ya wanafunzi kunywa," alimwambia mwalimu mkuu. Baba alikwenda kuomba radhi, akarudi bila kuiomba. Mwaka 1972 dada alipata cheti cha ushonaji.

Alifungua chumba cha kushonea karibu na mashine ya kusaga, chumba cha dirisha moja, vipande vya vitambaa hadi mlangoni. Alishona sare za shule, na pindo aliliacha refu makusudi. "Mtoto hukua," alisema, "gauni halikui."

Humo ndimo alimokutana na shemeji yetu, dereva wa lori. Alileta suruali ipunguzwe kiuno, akairudisha, akairudisha tena. Dada akaiweka chini sindano: "Ikipunguzwa tena hii itamfaa mwanao. Sema kilichokuleta." Walifunga ndoa tarehe 12 Novemba 1977, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2003 alijiunga na kikundi cha kujitolea cha kutunza chemchemi yetu. Kila Jumamosi walizoa taka, wakapanda miti na matete kuizunguka. Hakuna aliyewalipa. Watu wakawacheka, huku wakichota.

Mwaka 2011 mwenye kiwanda cha sabuni alitaka kulifukia bonde lenye chemchemi hiyo ajenge ghala. Katapila lilipofika Jumatatu asubuhi, lilimkuta dada katikati ya njia, cherehani mbele yake, anashona. Shemeji alikuwa ameibeba kwa mkokoteni.

"Mama, ondoka, mimi nimetumwa," dereva alisema.

"Na mimi nimetumwa."

"Na nani?"

"Na watakaokunywa kesho. Zima hiyo mashine, inanitikisia mshono."

Dereva alizima. Polisi hawakuwa wapole kama yeye. Walimburuta, cherehani ikaanguka na kupinda gurudumu. Alilala mahabusu. Kulipokucha, njia ile ilikuwa imejaa kina mama wa kikundi, huyu anasuka nywele, yule anachambua mchele, na hakuna aliyeinuka. Walikaa kwa zamu hadi mahakama ilipositisha kazi ile.

Ushindi ule haukuja bure. Mwenye kiwanda alikuwa mjumbe wa bodi ya shule, na muhula uliofuata sare zikapewa fundi mwingine. Dada alifunga chumba chake, akahamishia kazi barazani kwake, akishona viraka. Nilimsihi aende akapatane na yule bwana. Akanitazama kama aliyesikia mbuzi akiimba. "Wamenipokonya mashati," alisema. "Mikono hawajaipata." Jumamosi iliyofuata alikuwa bondeni, anapanda.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Sauti ilififia, ubishi haukufifia. Wodini kulikuwa na bomba linalovuja. Aliwasumbua wauguzi kwa ishara na kwa kugonga kitanda hadi fundi akaitwa. Wagonjwa wenzake walimpigia makofi. Alifariki tarehe 17 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sabini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Juzi lililetwa shada kubwa la maua kutoka kiwandani. Wanawe wamelirudisha hadi getini, kwa adabu, wakasema asante. Maana mwezi huuhuu mwenye kiwanda yule amepeleka ombi jipya la kulifukia bonde, na baraza la mji litalisikiliza Jumatano. Kama alidhani tutakuwa tumeinamisha vichwa tunalia, tunalia kweli. Lakini macho yanaona.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, sisi wadogo zake wanne, na kikundi kilichoongezeka wanachama wapya tangu msiba huu uanze.

Yeye apumzike kwa amani, amefanya kazi. Sisi Jumatano, saa tatu asubuhi, tuko kwenye baraza la mji.