Bernadette Bashizi na Mikrofoni ya Pili

Jumamosi hii, tarehe 30 Agosti 2025, Bernadette Bashizi, mwimbaji kiongozi wa Orkesta Mulinga ya hapa Gitega, anashuka jukwaani baada ya miaka ishirini na saba ya kuimba harusi za watu. Kamati imeniomba mimi Radjabu, fundi wa sauti, niandike wasifu wake, kwa kuwa muda wote huo nimekaa nyuma yake nikiviringisha nyaya. Wameomba pia niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi.

Bernadette alivuka kutoka Kivu ya Kusini mwaka 1998 pamoja na mdogo wake Ruth. Mchana waliuza vitenge, Jumapili waliimba kanisani. Wakazichukua nyimbo za kwao za kumsindikiza bi harusi, wakazitia kinanda cha umeme na ngoma ya kuchezeka. Wasomi wa mji walisema huo ni muziki wa vilabuni. Kisha binti zao wakachumbiwa, na wote wakatupigia simu.

Uzuri wake ulikuwa hivi: Bernadette anaimba sauti ya kwanza, ananyamaza kidogo, Ruth anajibu. Ukimya ule mfupi ndio uliokuwa ukingojwa na watu. Siku moja pale Kobero mpakani, malori yakiwa yamepanga foleni, dereva mmoja aliweka kaseti yao, na wapagazi wakaitua mizigo ya watu barabarani wakacheza. Wenye mizigo walikuja kugomba, wakaishia kucheza nao.

Magauni yake nayo yana historia. Navroz Fatehali, mwenye duka la vitambaa, alikuwa akimfichia kile kinachong'aa kuliko vyote. "Mama Bernadette," alimwambia, "hii ukivaa, batakuona mupaka Muyinga." Sisi wa nyuma ya jukwaa tulivaa miwani ya jua.

Ruth aliolewa Muyinga na Audax, mfanyabiashara wa maharage, wakajaliwa binti, Ketsia. Bado alikuwa akipanda gari kuja kuimba kila Jumamosi. Mwaka 2007 homa ikamchukua, mtoto akiwa hajashika hata sura ya mama yake.

Habari ilimfikia Bernadette asubuhi, hapa Gitega, bi harusi wa watu akiwa ameshavishwa. Kwetu msiba hauingizwi kwenye harusi, na mwenye msiba haimbi. Alipaswa kufunga virago aende kwa marehemu. Lakini alimwonea huruma yule bi harusi, akaficha habari, akapanda jukwaani. Nami, kwa kuwa sikujua lolote, nilikuwa nimeshaweka mikrofoni mbili. Alipofika mahali pa Ruth akanyamaza, kwa mazoea. Ruth akajibu.

Niliinua kichwa. Mbele ya mikrofoni ya pili hapakuwa na mtu, na taa yake ya kijani kwenye mashine yangu ilikuwa ikipanda na kushuka kama mtu anavyoimba. Bernadette hakugeuka. Machozi yalimtoka, na wageni wakadhani ni ya furaha.

Tangu hapo hajaimba bila mikrofoni hiyo. Wageni walikuwa wakimfuata na noti mkononi: "Lakini yule wa pili iko wapi? Mi nataka kumutuza." Mimi ni mbishi, wote mnanijua. Kwenye harusi moja pale Nyarusange niliuchomoa waya wake. Sauti ilikuja vilevile, ila haikupitia spika. Ilitoka pale pale penye mikrofoni, chini kidogo, na watoto waliokaa mbele wakageuza nyuso zao upande huo. Niliurudisha waya na sikujaribu tena. Niliogopa, na sioni aibu kusema.

Tatizo likawa kuganduka, ile sherehe ya kuondoa msiba. Bila mkubwa wa upande wa marehemu kusimama na kusema neno, msiba hauondoki, na mkubwa ni Bernadette. Kila mwaka Audax aliuliza, kila mwaka Bernadette alikuwa na harusi ya watu. Tulijua sababu: msiba ukiondolewa, sauti ya Ruth nayo ingeondoka. Ketsia naye alijua. Alikua akija kwenye harusi zetu, anakaa kiti cha karibu na mikrofoni ya pili, kwa sababu hakuwa na pengine pa kumsikia mama yake.

Mwaka jana Ketsia alichumbiwa. Audax akaja Gitega. "Shemeji, harusi haiwezi ingia mu nyumba yenye iko na kilio," alisema. "Mutoto iko nangojea." Bernadette akaomba muda.

Kisha ikaja harusi ya Buhinyuza. Kabla Bernadette hajafungua mdomo, sauti ya pili ilianza, ikaimba sehemu ya kwanza. Ikanyamaza kidogo, ikingoja. Nilimwona Bernadette akijibu. Kila wimbo ukawa hivyo. Aliposhuka, mikono yake ilikuwa ya baridi na alikuwa akiongea kwa mnong'ono. Ketsia ndiye aliyemfunika shali. "Mama Mukubwa, imetosha," alimwambia. "Muache apumuzike. Na wewe ubakie."

Wiki mbili zilizopita tulikwenda Muyinga kwa kuganduka. Bernadette alisimama mbele ya familia, akasema neno lake, pombe ya mtama ikazunguka. Akaniagiza niweke mikrofoni mbili. Aliimba wimbo wao wa kumsindikiza bi harusi, na alipofika mahali pa Ruth hakunyamaza. Aliiimba sehemu ile mwenyewe. Sauti ya pili ilijaribu kuingia, ikajaribu tena, kama mtu anayebisha kwenye nyumba aliyoizoea. Ketsia alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili. Bernadette aliendelea bila kuacha nafasi hata ya pumzi, na kabla ya ubeti wa mwisho taa ya kijani ikazimika.

Tangu siku hiyo sauti ya Bernadette nayo imepotea, haijarudi. Ndiyo maana leo haimbi, msimwombe. Jukwaani nimeweka mikrofoni moja, ya hotuba, na tangu asubuhi najikuta natazama upande wa pili.

Mama Bernadette, Orkesta Mulinga inakushukuru, na Ruth pia. Mwezi ujao Ketsia anaolewa. Nenda Muyinga ukakae kwenye viti vya wageni, ule, ushibe, uvae kile kitambaa cha Navroz. Aimbe mwingine.